Za Kazi, Wifi?

Wifi yangu Mahbuba hawezi kuingia duka la mkate akatoka bila ya kujua muuzaji ana watoto wangapi. Wengine hununua mkate, yeye hununua na habari. Mimi ni mtu wa haraka, na miaka yote tangu niolewe na kaka yake nimekuwa nikimsubiri garini huku napiga honi.

Basi ilipofungwa ile kampuni ya kukata tikiti za ndege aliyoifanyia kazi tangu usichana wake, nilidhani atapata wasaa wa kusalimiana na mtaa wetu mzima wa Mabela. Ikawa kinyume. Akaacha kwenda harusini. Simu ikilia, anaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Wifi, una nini?" nilimuuliza siku moja.

"Wanasalimu," akanijibu.

Nikacheka, nikidhani ananitania.

"Wewe cheka tu. Mtu akishauliza za nyumbani na za watoto, huja za kazi. Mimi nijibu nini? Nikisema nzuri, nimesema uongo. Nikisema sina kazi, ukumbi mzima unanitazama kwa huruma."

Hapo nikaacha kucheka. Posho ya waliopoteza kazi ilikuwa ikiingia, alhamdulillah, hakulala njaa. Lakini posho ina mwisho, na mwisho wa yake ulikuwa umekaribia. Isitoshe, alichokitaka si posho. Alitaka pa kwenda asubuhi na watu wa kupiga nao soga.

Anayepokea posho huitwa ofisi ya kazi mara kwa mara, atafutiwe nafasi na apangiwe usaili. Aliyekuwa akimshughulikia Mahbuba ni binti mmoja anayeitwa Balqees, mpole, asiyechoka, akimwita wifi yangu "khala" kama vile ni mpwa wake. Alishampeleka kwenye usaili mara mbili, na kote wakasema wanataka kijana. Alipoitwa tena, niliingia naye ndani, kwa sababu kiyoyozi cha gari kilikuwa kimeharibika na sikuwa na nia ya kuiva.

"Unajua lugha gani, khala?" Balqees akauliza kwa Kiarabu.

"Kiarabu na Kiingereza."

"Basi?"

"Basi."

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, Bi Masouda, mkwe wangu, ambaye peke yake simu yake haikugeuzwa kifudifudi. "Naam, mama," Mahbuba akaitikia. "Tui limo frizani… Chumvi usitie, nshatia! Mama, nakwambia usitie!" Alipokata simu, Balqees alikuwa amemtumbulia macho.

"Hiyo lugha gani?"

"Hii? Kiswahili tu."

"Mbona hukuitaja?"

"Si umeniuliza mambo ya kazi? Hii ya nyumbani."

Na mimi pale pembeni nilikuwa natikisa kichwa kumuunga mkono! Sisi wa huku Uarabuni ambao wazee wetu walitoka Unguja ndivyo tulivyo. Kiarabu tumekisoma, Kiingereza tumekilipia, Kiswahili kipo jikoni pamoja na mbuzi ya nazi. Nani aende kwenye usaili akajisifu kwamba kwao wana mbuzi ya nazi? Balqees alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanyanyua simu ya mezani. Kumbe kuna kampuni ya mizigo kule Qurum, inapeleka makontena Mombasa, Dar na Unguja, na wateja wakipiga simu hakuna wa kuwajibu ila Mkenya mmoja aliyelemewa. Kila mara wanamuuliza Balqees kama hana mtu wa kuongea na wateja hao.

"Usaili keshokutwa," akasema. "Na tafadhali, khala, Kiswahili kitaje."

Meneja wa kampuni hiyo, Mutasim, alikuwa kijana nadhifu, na Kiswahili hakijui hata neno. Akamweka Mahbuba kwenye chumba chenye kioo na kumweleza kwamba atapigiwa simu na mtu atakayejifanya mteja. Akasisitiza simu iwe fupi, wengine wanasubiri. Umwambie Mahbuba afupishe!

Mimi nikaketishwa chumba cha pili, na huyo Mkenya mwenyewe, Achieng, ndiye aliyetakiwa kupiga.

"Nimeambiwa nikuwe mkali," akaninong'oneza, akabonyeza nambari na kuweka sauti nje. "Haloo! Mzigo yangu iko wapi? Friji ya mama nimetuma kitambo! Mnanichukulia aje?"

"Assalaam alaykum, mwanangu," sauti ya Mahbuba ikaja taratibu. "Hujambo?"

"Sijambo, lakini hiyo friji…"

"Watoto hawajambo?"

"Wako sawa."

"Na mama mwenyewe, huyo mwenye friji, hajambo?"

Kumbe Achieng kweli ana mama kwao Siaya, na kweli alikuwa mgonjwa. "Alikuwa amelazwa," akasema, ukali wote umemtoka. "Lakini sasa ako nyumbani. Anatembea."

"Alhamdulillah! Mungu amzidishie afya. Na wewe, za kazi?"

"Kazi ni mingi, niko pekee yangu." Halafu, kama mtu yeyote mwenye adabu, akarejesha salamu. "Na wewe, za kazi?"

Kupitia kioo nilimwona Mutasim akitazama saa. Nikamwona Mahbuba naye, simu sikioni, midomo imefungwa. Sema chochote, wifi, niliomba.

"Kazi sina, mwanangu," Mahbuba akasema. "Ndiyo naitafuta hapa hapa kwenu. Nikiipata, friji ya mama yako itakuwa ya mwanzo kufika. Haya, nipe nambari ya mzigo tuutafute."

Achieng aliangua kicheko mpaka akalaza kichwa juu ya meza, na nyuma ya kioo Mahbuba naye akaanza kucheka. Maneno aliyokuwa akiyakimbia tangu kampuni ifungwe alikuwa ameyasema mbele ya watu, na hakuna aliyemtazama kwa huruma. Nilijikuta nafuta machozi kwa ncha ya shela.

Mutasim akaja na uso wa mashaka. Simu imekuwa ndefu, akasema. Mteja je?

"Mteja alikuja na hasira, sasa hazikumbuki," Achieng akamjibu kwa Kiarabu chake cha kazini. "Mudir, watu wetu ukiwakatia salamu, wanapiga tena na tena kulalamika. Huyu mama atapigiwa mara moja tu."

Balqees alitupigia simu tukiwa mezani tunakula, na Mahbuba aliipokea kwa mlio wa kwanza. Amechukuliwa! Bi Masouda alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Kumbe maneno mengi ni kazi!" akasema. "Na mimi maisha yangu yote nnamwambia anyamaze!"

Siku yake ya kwanza nilikwenda kumchukua. Alitoka na Achieng, wakaagana, wakaagana tena, kisha akasimama kwa mlinzi wa mlangoni kumuuliza hali ya wanawe. Sikupiga honi. Alipopanda na kufunga mkanda, nikamuuliza kama watu wote wanavyoulizana.

"Za kazi, wifi?"

"Nzuri," akasema.

Tukaondoka. Tulipofika kwenye taa nyekundu akanigeukia, uso wote unacheka.

"Hebu niulize tena."