Siku Bibi Alipobebwa Kanisani

Jumapili iliyopita nilimwona dada mmoja akitoka kanisani kwetu, hapa Bujumbura, akishuka na kiti chake cha magurudumu kwenye njia ya mteremko huku akiongea na simu. Hakuna aliyemtazama. Nikamkumbuka bibi yangu, aliyepooza miguu, ambaye zamani, nilipokuwa mtoto, alisali akiwa nje, chini ya dirisha.

Siku ya kuchangisha pesa za kukarabati kanisa na kujenga njia hiyo, wanaume walimbeba juu ya kiti cha plastiki hadi mbele ya watu wote. Ndani kulinuka jasho na chokaa yenye unyevu.

"Mama, we ni muzito kama mufuko ya simenti!" alisema mmoja wao, na watu wakacheka.

"Muangalie huyu mama!" mzee wa kanisa alipaza sauti. "Tutamubeba ivi mupaka lini? Mutoe!"

Watu walitoa. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, nikidhani malkia hubebwa hivyo. Bibi alijifunika uso kwa kitenge. Nilidhani anafuta jasho. Nimezoea kurekebisha kila kitu mpaka kinyooke, lakini makofi yale siwezi kuyarekebisha.

Tangu siku hiyo Bibi alisali nyumbani. Njia ilipokamilika nilimsihi aende, nikamwambia sasa hatabebwa na mtu.

"Apana, mutoto yangu," alisema. "Pale sasa wote wananijua."

Nikatoka mbio kwenda kujivuna kwa wenzangu kwamba bibi yangu anajulikana.