Kindege cha Ngitili ya Baba

Sikumpenda yule Mzungu siku ya kwanza, wala sikumpenda siku ya mwisho. Sisi wanakijiji wa Didia tulimwita Bwana Mbung'o, maana alitusimamia kufyeka pori ili mbung'o, wale inzi waletao malale, wakose kivuli. Aliyekataa kufyeka alifungwa jela. Mbele ya mstari wetu wa kufyeka ilibaki ngitili ya baba, pori alilolifunga kila masika ili ng'ombe wapate malisho kiangazi.

Bwana Mbung'o alikuwa na ugonjwa wa kupenda ndege. Alitembea na darubini shingoni na kitabu cha picha mkononi, akitafuta kindege kimoja cha kijivu, kidogo kuliko chiriku, ambacho alidai hakijawahi kuonekana upande wetu. Nikamwambia kimo ngitilini, nakisikia kila asubuhi nikipita na ng'ombe. Akacheka mbele ya wenzangu.

"Wewe jua ng'ombe tu," akasema.

Nilikasirika, lakini nilikuwa na mawazo yangu: mtu akikipenda kitu, hatakibomolea nyumba. Nikamwomba baba amfungulie. Ngitili haifunguliwi kabla ya wakati wake, hata kwa ndugu.

"Huyo ni mgeni wako, si wangu," akasema baba, akasogeza miiba ya mlangoni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana mkubwa alilala kifudifudi kwenye tope mpaka kindege kikaimba, kikajitokeza juu ya kichaka. Akalinganisha na picha: mstari mweupe juu ya jicho, miguu myekundu kidogo, mkia mfupi.

"Ndiyo yeye," akanong'ona.

Nikafurahi pamoja naye, na furaha ile naichukia mpaka leo.

Kisha akainua bunduki aliyokuja nayo, akakipiga. Alikiokota, akakifunga kwenye karatasi kama tumbaku, akakitia mfukoni.

"Sasa mimi nimepata," akasema. "Kesho kata hapa."

Shukrani ya punda ni mateke. Nilimwambia ng'ombe wetu watakufa kiangazi. Alikuwa anaandika kwenye kitabu chake, hakuinua hata kichwa.

Kesho yake nilipangwa kuanzia mlangoni mwa ngitili ya baba. Miiba ilikuwa bado imesogezwa, kama alivyoiacha. Baba alikuja na jiwe lake la kunolea. Alinipokea shoka, akalinoa pande zote mbili, akanirudishia.