Barrière iko fasi yote: namna nilikaribia kukosesha avenue yangu unga

Bakubwa ba humu, na badogo benye munajifanya bakubwa, nabasalimia bote.

Mi niko mwanamuke muzee ya Lubumbashi, niko na bajukuu tisa. Nasoma polepole, naandika na kidole moja. Mwenye anataka kuja kunisahihisha herufi apite tu, nyuzi ziko mingi.

Hii mambo iko ya kweli. Sikuisikia kwa jirani. Makosa yalikuwa yangu, na kama ningetaka kudanganya, ningejipamba.

Sasa musikilize.

Kipindi ile ya Corona nilikuwa chef ya avenue. Kwa mwenye hajui: chef ya avenue ni muntu mwenye anachukua habari ku bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, na kuzipeleka nyumba kwa nyumba. Mushahara hakuna. Iko makelele tu.

Balinichagua juu ya sauti. Marehemu bwana yangu alikuwa mufanyakazi ya reli, na alizoea kusema kama sauti yangu inaweza kusimamisha treni bila breki. Ye alisema kama matusi. Mi niliipokea kama sifa.

Basi, siku moja balituita ku bureau, bachef bote. Secrétaire, mwanaume mupole ya miwani, alitusomea karatasi ya masharti.

Kufunika mudomo na pua. Kunawa mikono na sabuni. Mètre moja kati ya muntu na muntu. Ku kilio, bantu kidogo tu.

Yote ile aliipa jina moja ya Kifaransa: gestes barrières.

Kisha habari ya pili. Musaada inakuja: unga ya muhindi, maharagi, sabuni. Kila mukubwa ya nyumba akuje ku bureau na carte yake, kitambulisho, aandikishwe. Mwisho ni siku ya tano (Ijumaa, kwa ninyi ba Tanzania), saa tisa ya mchana.

Akatuuliza: mumesikia?

Tukajibu bote: tumesikia.

Na kweli nilisikia. Masikio yangu iko mazima. Kuelewa njo kitu ingine.

Ile "gestes" sikuijua. Lakini barrière, nani hapa kwetu haijui? Ni ile muti ya kufunga barabara. Bantu bamekaa pale ku kivuli, banakuuliza unatoka wapi, unaenda wapi, karatasi yako iko wapi, na feza ya kubanunulia maji ya kunywa iko wapi.

Nilijiuliza juu gani batuwekee barrière ndani ya avenue. Lakini kuuliza mbele ya bachef benzangu, benye bamesoma kunipita?

Nilinyamaza. Njo pale nilikosea, nasema mapema ili musipoteze muda kutafuta mwenye makosa.

Asubuhi yake nilichukua mégaphone, kipaza sauti ya mukono, nikapita avenue yote, toka bomba ya maji mpaka kanisa. Nikatangaza kama kuanzia leo tuko na barrière, kila muntu aheshimu barrière, na mwenye hataheshimu, shida ni yake. Kisha masque ya kufunika mudomo. Kisha mikono. Kisha musaada: kila mukubwa ya nyumba aende ku bureau na carte.

Papa Kazadi, muuzaji ya makala, alitoka mu lupango, kiwanja ya nyumba yake, na muswaki mu kinywa.

"Mama chef, ile barrière iko wapi?"

Mi sikujua iko wapi. Nikamukazia macho.

"Iko fasi yote."

"Fasi yote? Hata huku kwangu?"

"Hata mu nyumba yako. Na malizia kwanza kupiga muswaki, unanitemea."

Alirudi ndani polepole, kama muntu mwenye ameambiwa nyumba yake imeuzwa.

Mi niliona kazi imeenda muzuri. Siku tatu avenue ilikuwa kimya. Mama ya mikate aliacha kuzunguka. Papa Kazadi nilikuwa simuoni tena barabarani na velo, baiskeli yake ya makala. Nikasema, sawa, bananiheshimu. Nilijivuna kabisa, sitaficha.

Mi mwenyewe sikuiona ile barrière, hakika. Nilijiambia labda bataiweka kesho.

Siku ya tano asubuhi nikaenda ku bureau kuangalia liste ya majina. Avenue zingine, karatasi zimejaa mbele na nyuma. Yetu ilikuwa nyeupe. Jina hata moja. Hata langu, sababu nilitaka bantu bangu batangulie.

Secrétaire akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, ku avenue yenu muko batajiri?"

Ile neno ilinichoma. Nilirudi mbio, mbio ya magoti yangu, natengeneza matusi mu njia. Nilizani ni buvivu.

Nilianza kwa Mama Ngoie.

Mama Ngoie ametoka Mitwaba, mbali na Lubumbashi, upande wa kwetu. Bwana yake alikuwa anafanya kazi mu mine moja, mugodi ya shaba, kwenye barabara ya Kinsevere, na juu ya Corona bafanyakazi balikuwa banalala kule kule, wiki na wiki, hakuna kutoka. Ye alibaki na batoto bane, na ya tano mu tumbo.

Nilimukuta anakoroga uji. Bakubwa, ile uji nilikuwa naona chini ya sufuria. Na ilikuwa chakula ya siku yote.

Nilimuuliza kwa ukali juu gani hakwenda kujiandikisha.

Aliweka mwiko chini.

"Mama, carte yangu imeandikwa Mitwaba. Ku barrière bakiiona, batanirudisha kule. Batoto nitabaachia nani?"

Barrière gani, nikamuuliza.

"Si ile yako? Njo weye ulituambia iko fasi yote."

Nilikaa chini. Kiti hakukuwa, nilikaa juu ya ndoo.

Pale pale, juu ya ile ndoo, nikamupigia secrétaire simu, nikamuuliza kitu yenye ningeuliza siku ya kwanza. Ye hakucheka, namushukuru mpaka leo. Alisema: "Barrière ni ya bugonjwa, Mama. Si ya bantu." Kunawa mikono, masque, mètre moja, njo barrière yenyewe.

Ilikuwa saa sita imepita. Liste inafunga saa tisa.

Sasa nabaambia kitu sijaambia muntu. Wazo la kwanza lenye lilikuja mu kichwa: tangaza kama barrière imeondolewa. Basi. Bantu batatoka, batajiandikisha, hakuna mwenye atajua kama mi sikuelewa.

Lakini nikaona: nikisema barrière imeondolewa, batatupa masque, bataacha kunawa, batasongamana ku bureau. Nitabapatia unga kwa mukono moja, bugonjwa kwa mukono ingine.

Ilibaki njia moja, na ile njia sikuizoea. Marehemu bwana yangu aliishi na mi miaka makumi tatu, hakusikia "nisamehe" hata moja. Padri ndiyo, amezisikia, lakini kule kuko pazia.

Nilisimama katikati ya avenue na mégaphone.

"Ni mi, chef yenu. Ku barabara barrière haiko, na haikukuwa. Ni neno ya Kifaransa ya kunawa mikono, kufunika mudomo na kuachana mètre moja. Ile muendelee nayo. Mi sikuielewa, na nilisikia haya kuuliza. Makosa ni yangu, munisamehe. Liste ya unga inafunga saa tisa. Mutoke na carte zenu."

Nilishusha mégaphone.

Kisha sauti ya Papa Kazadi toka nyuma ya ukuta: "Kwa hiyo mu nyumba yangu haiko?"

"Haiko, Kazadi."

"Mama, siku tatu napitisha velo nyuma ya malupango, mu minyanya ya bantu."

Na toka lupango ya pili, sauti ya mwanamuke: "Kumbe njo weye, Kazadi?"

Pale avenue yote ilipasuka na kicheko. Milango ikaanza kufunguka.

Tulienda kwa miguu, mustari murefu, mètre moja, mètre moja. Papa Kazadi alijipa kazi ya kupima na kamba ya magunia yake. Mwenye minyanya alikuwa nyuma yake, anamuhesabia miche yenye alivunja, moja moja, mpaka tukafika.

Mama Ngoie alikuwa karibu na mi, carte ameifunga mu kona ya kitenge. Zamu yake ilipofika, vidole havikuweza kufungua fundo. Nilimufungulia mi.

Secrétaire aliisoma. "Mitwaba."

Nilisikia Mama Ngoie ameshika nguo yangu kwa nyuma.

"Sasa munakaa avenue gani?"

Nilimujibia mi, na ile sauti ya treni. Aliandika. Akasema mwenye kufuata aje. Ile tu, bakubwa. Ile kitu yenye ilimunyima usingizi siku tatu ilikuwa mustari moja ya kalamu.

Unga ilifika. Mutoto alizaliwa muzima, bwana yake alimukuta anacheka tayari. Na mi, batoto ba avenue bananiita Mama Barrière mpaka leo. Nakataza. Habasikii.

Funzo langu ni fupi. Leo kukija habari ya kolera, ao ya ile bugonjwa ya bipele, sishiki mégaphone kwanza. Napita kwa Mama Ngoie, namuelezea. Simuulizi tena "umesikia?" Kila muntu atakujibu ndiyo, hata mi nilijibu ndiyo. Namuuliza "umesikia nini?" Anirudishie na maneno yake. Kama yenye inarudi si yenye nilituma, mégaphone inabaki ku musumari.

Ninyi kule kwenu, neno gani ya bakubwa ba serikali ilifika kwenu imepinda? Muandike hapa chini, nitasoma yote, polepole.

Lakini mwenye ataandika, aniambie kwanza: umesikia nini?