Gemu Lilipoingia Giza

Kaka yangu alikuwa na duka la spea za magari mtaa wa Gerezani, mimi nauza mapazia Kariakoo, na jioni tukishakutana nyumbani Ilala tulikuwa tunacheza gemu. Tulikuwa watu wazima. Yeye alishaoa na kuachana, mimi sikuwa nimeolewa, na mama alishazoea kutuona tumekaa mkekani, kompyuta kuukuu juu ya stuli, tunabishana kuhusu mkuki.

Lilikuwa gemu la safari na mapigano. Unapewa mtu mmoja mnyonge, unamwongoza katika nchi yenye mazimwi, na kila akishinda anapata pointi ambazo wewe ndiye unaamua uziweke wapi: nguvu, wepesi, kinga au uchawi. Utamu wake ulikuwa hapo. Wawili wakianza na mtu yuleyule, baada ya muda kila mmoja ana mtu wake, hawafanani kwa lolote.

Walilitengeneza mume na mke, huko nchi za mbali, wawili peke yao, bila kampuni kubwa nyuma yao. Lakini hawakulitelekeza. Tulilinunua mara moja tu, na miaka yote iliyofuata wakawa wanatuletea maboresho ya bure: silaha mpya, mapango mapya, makosa yaliyorekebishwa. Nikiweka bando kwenye simu naiunganisha na kompyuta, tunasubiri toleo jipya lishuke, kaka anasugua mikono kama mtu aliyenusa pilau.

Anayeshika alikuwa yeye, mimi mshauri. Pointi zote alizimwaga kwenye wepesi. Mtu wetu alikuwa hana vazi la chuma, hana ngao, ana mkuki mrefu na miguu ya haraka. Aliingia katikati ya mazimwi, akayachoma, akatoka bila hata mkwaruzo. Nilikuwa namwambia amnunulie japo ngao.

"Ngao ya nini, mdogo wangu?" anasema. "Anayeona hapigwi."

Halafu akaanza kupigwa.

Haikuwa ghafla. Mwanzoni ilikuwa zimwi moja la kutokea kushoto, akacheka, akarudia. Baadaye ikawa kila pango. "Yanatokea tu pembeni," alilalamika. "Hawa jamaa wameyaongezea kasi." Toleo jipya lilikuwa limetoka siku si nyingi, na kweli walikuwa wamebadilisha mambo kadhaa, kwa hiyo tukaamini. Akahamisha pointi kutoka kwenye wepesi, akamvika mtu wetu vazi la kifua. Haikutosha. Akamnunulia ngao. Mwishowe akauacha mkuki, maana mkuki unataka kulenga, akachukua rungu zito linalozunguka na kufagia kila kilicho karibu.

Mimi nilifurahi. Niliona hatimaye amenisikiliza.

"Sasa umekua," nikamwambia. Akatabasamu.

Baada ya hapo akaanza kusema gemu limekuwa giza. Kwangu lilikuwa vilevile. Nilifuta kioo cha kompyuta kwa kanga, nikabadilisha mahali pa taa, akaendelea kusema halionekani. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chake, akaniomba niwaandikie wale wenye gemu.

"Waambie kistaarabu," akasema. "Wamelifanya giza, watu tunashindwa kucheza."

Nikaandika. Yule mke akajibu kwa upole kwamba mwanga hawajaugusa, ila huenda kuna wengine wenye shida hiyohiyo, kwa hiyo wataweka sehemu ya kuuongeza. Na wakaweka. Toleo lililofuata lilipofika, kaka alipandisha mwanga mpaka mwisho. Mapango yakawa meupe kama ukuta uliopakwa chokaa, rangi zote zikapauka. Mimi niliona wameliharibu. Yeye alistarehe.

"Umeona?" akasema. "Ukiongea na watu vizuri, wanakusikia."

Tukacheza hivyo mwaka mzima na zaidi. Mwaka huo ndio unaoniuma. Wale watu walitufanyia wema wa kweli, na wema wao ukatuwezesha kukaa kimya.

Maana nje ya gemu pia mambo yalikuwa yanaonekana. Kwenye mitaa ya Kariakoo aliyokulia, alianza kugongana na watu. Siku moja alivaana na guta la magurudumu matatu lililobeba marobota, akagombana na mwenye guta, naye akawa anasema, "Mzee, si nimekupigia kelele uko mbele yangu?" Nyumbani alipiga kikombe cha chai teke, mama akamwambia apunguze haraka. Na marehemu baba miaka yake ya mwisho alikuwa haoni. Tulisema uzee. Hakuna aliyeyaweka haya pamoja, mimi nikiwemo, niliyekaa ubavuni kwake kila jioni.

Ilikuwa Jumapili mchana. Kaka amesimamisha mtu wetu kwenye uwanja wazi, anapanga silaha. Zimwi likatokea kushoto, likaja polepole, kubwa, katika ule mwanga wote. Nikangoja ageuke. Likafika, likainua mkono.

"Kaka, si huyo hapo?"

"Wapi?"

"Hapo, kushoto."

"Hakuna kitu hapo."

Nikaweka kidole kwenye kioo, juu ya zimwi lenyewe. Akageuza kichwa, kichwa kizima, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Ndipo akaliona. Mtu wetu alikuwa ameshaanguka.

Nikanyoosha mkono pembeni ya uso wake, nikachezesha vidole.

"Unaona mkono wangu?"

"Mkono gani?" akauliza.

Hospitali walimkalisha mbele ya mashine, wakampa kitufe abonyeze kila akiona kitaa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Vitaa viliwaka, na mara nyingi kidole chake hakikutikisika. Daktari, mama wa makamo, alituambia ni presha ya macho. Haiumi, alisema, inakula pembeni kwanza, ndiyo maana mtu hajui. Kilichokwishapotea hakirudi; dawa ni ya kulinda kilichobaki.

"Ilianza lini?" akauliza.

Kaka akasema hajui. Mimi nilijua. Ningeweza kumtajia daktari kila hatua: vazi la kifua, ngao, rungu, mwanga. Lakini ningeanzaje kumweleza? Nikasema, "Muda kidogo, dokta."

"Mngewahi," akasema taratibu, akaandika dawa. Akaniambia nami nipime, kwa sababu inatembea kwenye damu. Nilipima. Mimi sina.

Kaka hachezi tena. Tulijaribu nishike mimi, yeye awe mshauri, lakini alikuwa ananyamaza, halafu anasema amechoka. Juzijuzi wale mume na mke walitangaza kwamba wamefika mwisho, wataanza kazi nyingine, hili halitapata tena kitu kipya. Nikamsomea.

"Wamejitahidi," akasema. "Wengine wangetuacha siku nyingi."

Nilifikiria kuwaandikia mara ya pili, niwaambie ile shida ya giza ilikuwa nini. Sikuandika. Niliogopa wangedhani nawalaumu.

Duka la Gerezani bado lipo, na spea anazijua kwa kuzigusa. Asubuhi namsindikiza kabla sijafungua langu. Kushikwa mkono hataki. Tukifika barabara ya mabasi ya mwendokasi anasimama ukingoni, anageuza kichwa chote kushoto, anakituliza hapo, halafu anakipeleka kulia. Watu wenye haraka wanatupita. Mimi nimeshaona kwamba njia ni nyeupe, lakini simwambii. Nasubiri mpaka aseme mwenyewe, "Haya, twende."