Watoto Ndani ya Kochi

Jirani yangu, fundi wa makochi, alikuwa na sauti isiyolingana na mwili wake. Ukimwona kwa nyuma ungedhani ni kijana anayetumwa dukani, lakini akifungua kinywa, vioo vya dirisha langu vilitetemeka. Mimi nashona mapazia. Karakana yake na chumba changu vinagawana ukuta mmoja, na kwa miaka mingi nimesikia kila alichouambia msumari uliopinda.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Ghorofani juu yetu kulikuwa na studio ndogo ya vipindi vya redio, na humo alifanya kazi mama mmoja tuliyemwita Mwandishi. Alitunga mfululizo wa hadithi za yatima watatu walioachwa mikononi mwa mjomba wao, Mjomba Koleo, mtu ambaye haja yake pekee maishani ilikuwa kuwaondoa duniani bila kuchafua zulia. Kila Jumamosi alasiri Koleo alibuni njia mpya: kitanda kinachojikunja chenyewe, mashua yenye sakafu ya karatasi, matembezi ya kupendeza kando ya kisima kisicho na ukingo. Na kila Jumamosi watoto waliponyoka, Koleo akatumbukia mwenyewe, na kwenye ile ya kisima yule mdogo wao mwenye adabu zake akachungulia na kuuliza, "Samahani Mjomba, maji ya huko chini ni baridi?"

Mwandishi alihangaika sana kumpata mtu wa kumsoma Koleo, hadi siku aliposikia fundi akimgombeza paka aliyezalia ndani ya sponji mpya. Alishuka ngazi mbio.

"Baba, unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi njoo unisomee ubaya."

Akausoma, tena kwa ufundi. Mtaani watoto walimkimbia huku wakicheka, naye alifurahi kimoyomoyo. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa mtu asiyetulia, anayekunywa chai amesimama, anayeng'oa leo misumari aliyoipigilia jana kwa sababu imemjia kwamba haikukaa sawa. Ndugu yake pekee alikuwa dada yake, aliyeolewa mji wa mbali.

Shemeji yake alifariki, na mwaka haukupita dada naye akaugua akamfuata. Baada ya mazishi, wapwa watatu wakaletwa kwa fundi pamoja na godoro moja: msichana mkubwa ambaye hakucheka mbele ya mtu mzima, mvulana wa kati tuliyemwita Injinia, kwa kuwa hakuna kitu alichokigusa kikabaki kizima, na kitinda mimba, binti mdogo waliyemwita Tone.

Mazishini fundi alikuwa amebanwa na kilio, hakutoa neno. Watoto hawakuwa wameisikia sauti yake ana kwa ana. Sasa akasimama mlangoni, amevaa shati safi, akafungua kinywa. "Karibuni, wanangu. Hapa ni kwenu."

Tone akapiga ukelele, akajificha nyuma ya godoro. Kumbe wote watatu hawakuwahi kukosa kipindi hata kimoja. Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia kwa fahari, "Mnamsikia huyo? Ndiye mjomba wenu." Akasahau kueleza lililobaki.

Fundi akajaribu kulainisha sauti, na hapo ndipo alipozidi kuharibu. Koleo naye hulainisha sauti kila anapokaribia kutenda lake.

Watoto hawakugusa chakula mpaka yeye aonje kwanza, sahani zote, huku Mkubwa akimtazama kimya aone kama ataanguka. Walimwaga unga wa chaki mbele ya mlango wao wapate kujua nani kapita. Injinia alifungua vitanda walivyotengenezewa kwa mikono ya mjomba wao, akakagua kila kiungo, kisha wakalala chini hivyo hivyo. Ukitaja neno "matembezi," Tone alishika mguu wa meza.

"Jirani, wanalala kwa zamu," fundi aliniambia, akizunguka chumba changu na kukanyaga pazia la mteja. "Kwa zamu! Kama walinzi wa benki."

"Waeleze kwamba ule ni mchezo wa redio."

"Nimewaeleza. Yule mkubwa kanijibu, 'Hata Koleo alisema hivyo, kwenye ile ya kisima.'"

Nilitaka kucheka. Nikamwangalia uso, nikameza kicheko changu.

Akapanda kwa Mwandishi kumwomba amtubishe Koleo, au amwue kabisa. Mwandishi akakataa. "Nikimtubisha, wasikilizaji watasinzia. Nikimwua, wataniuliza mjomba anayefuata ni nani. Walete hapa wajionee wenyewe radi inavyotengenezwa kwa bati."

Shauri zuri. Fundi akashuka, akawakusanya wapwa zake, akawaambia kwa ile sauti yake laini, "Kesho nitawapeleka mahali fulani huko juu. Sisemi ni wapi. Mtafurahi wenyewe."

Hakufikiria maneno hayo yanasikikaje.

Kesho yake asubuhi wavuta mkokoteni walikuja kuchukua kochi la daktari wa meno. Lilikuwa kochi refu la chumba cha kusubiria, lenye sanduku chini ya kikalio la kuwekea magazeti na shuka. Walipolinyanyua, mmoja akaguna. "Fundi, siku hizi unajaza mawe?"

"Mbao ngumu hiyo," fundi akajibu kwa majivuno. "Kochi hilo litawazika nyinyi na wajukuu zenu."

Saa ya chai akawaita watoto, kimya. Tukatafuta chooni, darini, chini ya vitanda. Akatoka mtaani akiita kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyoita, ndivyo watoto wa watu walivyozidi kukimbilia ndani na kufunga milango. Mimi nilirudi karakana. Pale kochi liliposimama, sakafuni, niliona keekee yake ya kutobolea mbao imelala karibu na unga mpya wa mbao.

"Fundi, ulikuwa unatoboa nini hapa?"

Akautazama ule unga. "Matundu ya hewa," akasema. Akatimka na aproni yake, mimi nyuma, kandambili mkononi.

Baadaye ndipo tulipoambiwa mpango wao. Wangetoka mkokoteni utakaposimama njia panda, wakaelekee mji wao. Lakini barabara ina mashimo, na komeo la nje ya sanduku likajiangukia lenyewe. Wakabebwa wazima wazima hadi kwa daktari. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akaketi juu yao. Unga wa mbao ukamwingia Tone puani, na kochi likapiga chafya.

"Afya," mzee akasema kwa mazoea. Kisha akakumbuka kwamba chumbani yuko peke yake.

Kwa kelele alizopiga, daktari alitoka mbio na barakoa usoni na glavu zenye damu. Akafungua komeo, akainua kikalio. Mkononi bado alikuwa ameshika koleo la kung'olea meno.

Sisi tulikuwa ngazini kwa daktari. Tulisikia ukelele wa watu watatu, na ndani yake neno moja: "Mjombaaa!"

Walikuwa wanamwita au wanamkimbia, sijui mpaka leo. Fundi hakungoja kuuliza. Aliingia, akamsukuma daktari pembeni, na Tone akamrukia shingoni. Hapo sauti ikamtoka yote, bila kulainishwa.

"Mna akili nyinyi? Mngekosa hewa humo! Dada yangu ningemwambia nini? Eh? Ningemwambia nini?" Ikakatika katikati, ikamalizikia nyembamba kama ya mtoto.

Injinia, bado ameketi sandukuni, akasema polepole, "Nilitoboa matundu, Mjomba."

"Mengi?"

"Mengi."

Mkubwa ndiye aliyekuwa na macho makavu. "Tulikuwa tunakwenda nyumbani. Tunajua wamehamia watu wengine. Tulitaka kupaona tu."

Fundi akafuta uso kwa aproni. "Si mngesema?"

"Tungemwambia nani?"

Siku ile ile fundi akafunga karakana, akawapeleka kwa basi la usiku, nami nikaenda nao. Mama aliyepanga pale alikuwa anaanika nguo. Akasikiliza, akafungua mlango. Injinia na Tone wakaingia. Mkubwa akabaki nje na mjomba wake, wote wawili wakitazama rangi mpya ya mlango. Tone aliporudi alisema, "Chumba cha Mama wameweka friji," kisha akaomba maji.

Safari ya studio ilikuja baadaye. Injinia alipenda lile bati mpaka wakamwachia kazi ya radi, na Tone humkosoa mjomba wake waziwazi kwamba siku fulani hakuwa mbaya vya kutosha. Mkubwa alichukua muda mrefu zaidi. Miezi ilipita bado anasubiri mjomba aonje kwanza, na fundi alionja bila kunung'unika.

Mwandishi aliposikia habari za kochi alitaka kuzitia kwenye mfululizo, akashuka kuomba ruhusa. Fundi akamtazama Mkubwa.

"Hapana," msichana akasema. "Hiyo ni yetu."

Mwandishi akapanda ngazi akisikitika. Fundi akarudi kwenye kochi la mteja, akainua kikalio, akachungulia ndani, akakifunga, akakiinua tena.