Baba wa Pili Kwenye Kompyuta

Kompyuta ya kwanza katika kiwanda chetu cha minofu ya sangara, kule Igogo, iliwekwa kwetu, ofisi ya utumishi, lakini haikuwa yetu. Programu ya kutunza habari za wafanyakazi aliichagua mhasibu mkuu, kwa kuwa fungu la fedha lilikuwa lake. Yeye na fundi wa Dar es Salaam ndio walioamua ijue nini na isijue nini. Mimi na bosi wangu, mama mmoja wa Kihaya mwenye sauti nzito, tulionyeshwa pa kuwashia tu. Basi tukaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, tukaendelea na mafaili. Jioni nilichapa yale tu ambayo mhasibu angeyatafuta.

Asubuhi moja aliingia mkata minofu, kijana wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, bado na buti zake za mpira. Alimwamkia mama, akasema baba yake amefariki na mazishi ni kesho. Ruhusa ya msiba ilikuwa lazima ipite kwenye kompyuta. Bila hiyo, aliyeondoka alihesabiwa mtoro, na miaka ile ya wawekezaji mtoro alirudi akakuta nafasi yake imeshachukuliwa na mmoja wa waliokuwa wakisubiri getini. Nikachapa. Kompyuta ikakataa: baba yake alishakufa mwaka juzi.

"Yule alikuwa baba aliyenizaa," kijana akasema. "Huyu ni baba mkubwa. Ndiye aliyenisomesha."

Sisi watatu hatukuona tatizo. Programu ndiyo iliyokuwa na nafasi ya baba mmoja.

Mama akamwita mhasibu. Alikuja na miwani yake puani, akatazama kioo, akapendekeza kwa nia njema kabisa kwamba marehemu aandikwe kwenye nafasi ya mama, maana ilikuwa wazi.

"Iko wazi kwa sababu mama yake yuko hai, mzee," bosi wangu akamwambia. "Unataka tumwue?"

Hata kijana aliyefiwa alicheka kidogo. Mhasibu akavua miwani, akasema ni yeye aliyemwagiza fundi hivyo. Alidhani mtu hufiwa na baba mara moja.

"Na wewe, kwenu Ukerewe, una baba wangapi?" mama akamwuliza.

Akaanza kuwahesabu kwa vidole. Alipohamia mkono wa pili aliacha, akapiga simu Dar, kisha akamkabidhi mama mkono wa simu. "Mwelekeze wewe. Kuanzia leo mambo ya programu hii utaamua wewe."

Mama alizungumza na fundi muda mrefu, kwa raha ambayo sikuwahi kuisikia sautini mwake alipoitaja kompyuta: likizo ya uzazi, shemeji, wajukuu wanaolelewa na bibi. Fundi akauliza aweke baba wangapi.

"Usiweke idadi," akasema. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia kijana. "Ruhusa unayo, mwanangu. Wahi kivuko."