Kapo Yangu na Shangazi wa Sindo

Nilikwenda Sindo, kando ya ziwa, kwa sababu ya Akinyi. Kaka yake alikuwa anaoa, mpiga gita wao ameumia mkono, naye Akinyi akanitangaza kwao kuwa mimi ni fundi. Kubwa zaidi, shangazi yake, ambaye Wajaluo humwita waya, alitaka kuniona kwa macho yake kabla hajakubali nipeleke posa. Shida ni kwamba katika gita nilijua kodi tatu tu, yaani mikao mitatu ya vidole: G, C na D.

Migori, asubuhi ya kuondoka, nilimpitia rafiki yangu Otieno, mpiga gita wa kanisani. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Omera, ndugu yangu, huyo shangazi wa Akinyi akianza wimbo haulizi mtu ufunguo. Anaanza pale sauti imeamkia!"

Akalaza penseli juu ya nyuzi, nyuma kidogo ya freti ya pili, kile chuma cha shingoni, akaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Hii ndio kapo. Wewe shika G yako ya kila siku, itatoka A. Ukisongesha freti moja, kila kitu inapanda nusu hatua. Vidole havibadiliki."

Niliondoka pale nikiringa kama chifu mpya.

Homa Bay, mchana, nikisubiri pikapu ya samaki irudi ziwani, nilifanya mazoezi hotelini.

"Umefunga gita bandeji," alisema mama mwenye hoteli. "Imeumia wapi?"

Nilimweleza habari za nusu hatua. Alinisikiliza kwa huruma, akaniongezea mchuzi.

Sindo, siku ya arusi, Waya alianza kuimba. Nikamtafuta kwa uzi mmoja, nikampata kwenye A, nikaingia. Akinyi akatabasamu. Lakini huko mtu yeyote huweza kusimamisha muziki ili ajisifu. Mjomba mmoja alisimama akawasifu ng'ombe wake. Alipoketi, Waya, damu imemchemka, akaanza juu zaidi. Nikasukuma penseli hadi freti ya nne. Mwalimu akajisifu: ya saba. Fundi wa mashua akajisifu: ya tisa. Vidole vikakosa pa kukaa, gita likalia kama mbu, na Akinyi akainamisha uso. Niliogopa sana. Mtu mmoja zaidi akijisifu, posa yangu ingezama ziwani.

Nikainua mkono mwenyewe. "Simamisha hapo!"

Nikajisifu: mimi mwana wa Migori, niliyekula vumbi la Homa Bay, niliyeletwa na macho ya Akinyi! Watu wakashangilia. Huku nikisema nilifungua mpira, na baada ya kila sifa nikapiga ile G ya chini, taratibu, mpaka ikawakaa masikioni. Waya akafungua kinywa, akaanza wimbo kwenye G hiyo hiyo ya chini. Akina mama waliokuwa wameacha kuimba kwa kukosa pumzi wakarudi wote.

Asubuhi ya kurudi, Waya alinisindikiza hadi njiani.

"Kijana, jana ni wewe ulinishusha. Unafikiri sikuona?"

Nikaanza kuomba radhi.

"Nyamaza. Lete wazee wako. Huyo Akinyi akianza kupanda hasira, mimi ni mtoto kwake. Anataka mtu anajua kumshusha bila kumtukana."

Safari ile ilinifundisha kwamba kapo hupandisha tu. Kushusha ni kazi ya adabu. Nilimwahidi Waya kwamba nitajitahidi, na mpaka leo najitahidi.